Yoga Nyepesi Inayoongozwa na Pumzi: Namna ya Kuanza Nyumbani

Watu wengi wanaoanza yoga peke yao huanzia mahali pagumu: hutazama picha ya mtu aliyejikunja mpaka paji la uso likagusa magoti, hujaribu kumwiga siku hiyo hiyo, kisha huambulia maumivu ya mgongo badala ya utulivu waliokuwa wakiutafuta. Makala haya yanapendekeza njia nyingine, ambayo ni kuanza na pumzi na kuifanya pumzi hiyo kuwa kipimo cha kila mkao utakaofuata. Yoga, ambayo asili yake ni India ya kale, haikuwahi kuwa mazoezi ya viungo peke yake. Patanjali, aliyeeleza misingi yake, anataja hatua nane, na mikao ya mwili ni mojawapo tu, ikifuatiwa moja kwa moja na udhibiti wa pumzi.

Keti kwenye kiti imara, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni na mgongo ukiwa wima bila kukakamaa. Weka kiganja kimoja kifuani na kingine tumboni, juu kidogo ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu taratibu hadi nne, ukiliacha tumbo liinue kiganja cha chini wakati kile cha juu kikibaki karibu pale pale. Kisha itoe kwa pua ukihesabu hadi sita, bila kuisukuma. Ikiwa kila hesabu ni sekunde moja, utakuwa unapumua mara 6 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Anza na dakika tano.

Hesabu ya kutoa pumzi imefanywa kuwa ndefu kwa sababu maalumu. Mapigo ya moyo huongezeka kasi kidogo mtu anapovuta pumzi na hupungua anapoitoa, na upungufu huo husimamiwa na neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi kwenye moyo na viungo vya tumboni. Kwa hiyo anayeirefusha pumzi inayotoka huupa mwili wake muda mrefu zaidi wa kutulia katika kila mzunguko. Ukihisi kizunguzungu au ganzi kwenye vidole, fahamu kwamba huenda unavuta hewa nyingi kupita kiasi. Acha kuhesabu, pumua kama kawaida, na utakaporudi tumia tatu na nne badala ya nne na sita.

Mikao minne inatosha

Baada ya kuizoea pumzi hiyo, iingize kwenye mikao. Kanuni ni moja, nami naiona kuwa muhimu kuliko maelezo mengine yote: ukifika mahali ambapo huwezi tena kupumua kwa pua kwa utulivu, umekwenda mbali mno, hivyo rudi nyuma kidogo na ubaki hapo. Misuli kuvutika ni jambo la kawaida, lakini maumivu makali, ya kuchoma au yanayoshuka mguuni ni amri ya kuacha. Fanya mazoezi bila viatu, mahali pasipoteleza, na usubiri saa mbili hadi tatu ikiwa umekula mlo mzito.

Mkao wa kwanza ni ule unaoitwa wa paka na ng'ombe. Piga magoti na uweke mikono sakafuni, viganja vikiwa chini ya mabega na magoti yakiwa chini ya nyonga. Unapovuta pumzi, acha tumbo lishuke, fungua kifua na utazame mbele kidogo. Unapoitoa, sukuma sakafu kwa viganja, uinue mgongo juu na uache kichwa kining'inie. Mwendo uanzie nyonga, upite kwenye uti wa mgongo pingili baada ya pingili, na kichwa kiwe cha mwisho. Rudia mara nane hadi kumi, kwa kasi ya pumzi yenyewe. Mkao huu unastahili kufanywa kila siku, hasa na mtu anayeketi kwa saa nyingi, kwa sababu visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili za mtu mzima karibu havina mishipa ya damu na hupata lishe yake kupitia majimaji yanayoingia na kutoka, jambo ambalo husaidiwa na mwendo. Magoti yakiuma, yawekee blanketi iliyokunjwa. Viganja vikiuma, kunja ngumi.

Kutoka hapo, rudisha makalio juu ya visigino, achanisha magoti na uinamie mbele mpaka paji la uso litue sakafuni au juu ya mto. Huu ni mkao wa mtoto. Kaa kwa pumzi kumi, ukihisi mbavu za nyuma zikipanuka. Halafu simama ukitazama mgongo wa kiti kizito kisichosogea, ukishike kwa mikono miwili, na urudi kinyumenyume mpaka mikono na mgongo vinyooke sambamba na sakafu. Hapa magoti yabaki yamekunjwa kidogo, kwa maana anayelazimisha miguu kunyooka hukuta mzigo wote umehamia kiunoni.

Mkao wa mwisho hauhitaji nguvu yoyote: keti ubavu ukigusa ukuta, lala chali huku ukigeuka, na uiegemeze miguu ukutani kwa dakika tano hadi kumi. Mwenye glakoma au shinikizo la damu lisilodhibitiwa auache, na mjamzito aliyepita miezi ya mwanzo alale kwa ubavu badala ya chali. Kuinuka nako kuna utaratibu wake: geuka upande, keti kidogo, ndipo usimame, ili damu isishuke ghafla miguuni ukapata kizunguzungu.

Kulegeza misuli kabla ya kulala

Wapo watu ambao hawatulii kwa kuambiwa watulie, na kwao ninapendekeza mbinu ya Edmund Jacobson, daktari wa Marekani aliyeiendeleza katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Alitambua kwamba msuli uliokazwa kwa makusudi kisha ukaachiwa humfundisha mtu tofauti kati ya kukaza na kulegea, tofauti ambayo wengi wameisahau kwa kuishi na mabega yaliyoinuka na meno yaliyobanwa. Lala, kaza vidole vya miguu kwa sekunde tano, viachie ghafla, kisha usikilize hali hiyo kwa sekunde ishirini au zaidi. Panda hivyo hivyo kwenye miguu, mapaja, tumbo, viganja, mabega na taya. Usikaze kwa nguvu zako zote, na ruka sehemu yenye jeraha. Ukisinzia kabla ya kufika mabegani, hakuna kilichoharibika.

Usingizi wenyewe unahitaji kulindwa. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kila usiku, na kinachosaidia zaidi ni kuamka saa ile ile kila siku, hata siku za mapumziko, na kupata mwanga wa asubuhi mapema. Nusu ya kafeini iliyo katika kahawa au chai huweza kubaki mwilini kwa saa tano au zaidi, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe kabla au mara baada ya chakula cha mchana. Simu ilale mbali na kitanda.

Yoga nyepesi peke yake haimtoshelezi mtu mahitaji ya mwendo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kiasi kwa wiki, na kutembea kwa haraka kiasi cha kuweza kuzungumza lakini si kuimba kunahesabiwa. Ili mazoezi yasisahaulike, yafungamanishe na jambo unalolifanya tayari kila siku: mikao baada ya kupiga mswaki asubuhi, pumzi kabla ya kufungua kazi, kulegeza misuli ukishazima taa. Siku yenye shughuli nyingi, fanya dakika tano za pumzi na uahirishe mengine.

Ikiwa wasiwasi, huzuni au kukosa usingizi kunaendelea kwa zaidi ya wiki mbili au kunakuzuia kufanya kazi zako, mwone daktari au mshauri wa afya ya akili. Mazoezi haya yanaweza kuendelea sambamba na tiba utakayopewa, mradi umeeleza kwamba unayafanya na umetaja dawa zozote unazotumia.