Kovu la upasuaji wa uzazi: litunze tangu likiwa kidonda

Mshono ukitunga usaha au ukiachia, mwili huziba pengo kwa nyama nyingi, na hapo ndipo kovu nene linapoanzia. Kwa hiyo siku 14 za mwanzo zina uzito kuliko krimu yoyote ya duka la dawa.

Muuguzi akishatoa bandeji, oga kila siku kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato. Acha maji yapite juu ya mshono, usisugue, kisha kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi. Joto la Mtwara na Lindi huleta jasho, nalo hukaa chini ya mkunjo wa tumbo, palepale penye mshono. Lala chali dakika 10, mara 2 au 3 kwa siku, ukiinua mkunjo upate hewa. Chupi iwe ya pamba, inayofika kitovuni, mpira usikalie mshono.

Bibi akija kukukanda kwa maji ya moto, mwombe kwa heshima akande mgongo na miguu, tumbo aliache. Ngozi ya hapo bado ina ganzi, inaweza kuungua bila mzazi kuhisi. Usipake majivu, dawa ya meno wala unga wa vidonge. Na anayebangua korosho asiguse mshono: mafuta ya ganda huunguza hata ngozi nzima.

Ukiona homa, harufu, usaha, au ngozi imekuwa ngumu na ya moto, nenda hospitali siku hiyohiyo, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda au kituo kilicho karibu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, usiungoje.

Siku ya 42, kliniki wakithibitisha kuwa mshono umefunga kabisa, anza kulikanda kovu. Paka mafuta ya nazi kidogo sana. Yakizidi, vidole vitateleza juu juu, na kinachotakiwa ni ngozi yenyewe isogee. Kwa vidole viwili sogeza juu na chini, kushoto na kulia, kisha kwa mduara, dakika 5, mara 2 kwa siku. Hivyo kovu halishikamani na nyama ya chini. Likiuma, punguza nguvu.

Mwenye uwezo atumie silikoni, bidhaa ya kulainisha kovu, mara kidonda kinapofunga: jeli mara 2 kwa siku, au karatasi yake saa 12 au zaidi, kwa miezi 3 hivi. Karatasi haishiki penye mafuta. Vipele vya joto vikitoka, ivue, osha, pumzisha ngozi.

Weusi wa kovu hufifia taratibu, miezi 12 hadi 18. Usiuharakishe kwa mkorogo, unadhoofisha ngozi.

Kovu likiwasha, likawa gumu na kutambaa nje ya mstari wa mshono, hilo ni keloidi. Kulikata tu hulirudisha, mara nyingi likiwa kubwa zaidi. Daktari wa ngozi huchoma sindano za steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani yake, na kurudia kila baada ya wiki 4 hadi 6. Mwambie kama unanyonyesha. Ukiwa na keloidi mahali pengine, hata la kutoga masikio, mjulishe daktari kabla ya upasuaji.