Namna ya Kuzungumza na Mjamzito Kabla ya Kumpima Mtoto Aliye Tumboni

Katika kliniki nyingi za wajawazito vipimo huja vikiwa fungu moja. Mama anafika asubuhi kwa hudhurio lake la kwanza, anapimwa uzito na shinikizo la damu, anatobolewa kidole, anapewa kikopo cha mkojo, na akiuliza haya yote ni ya nini huambiwa, "Nenda maabara kwanza, mama, tutaongea ukirudi." Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka ya kutosha kujua kwamba maneno hayo hayasemwi kwa ubaya, foleni ni ndefu na mkunga ni mmoja. Hata hivyo yanapindua mpangilio, kwa sababu mazungumzo yanayokuja baada ya majibu hayawezi tena kumpa mama nafasi ya kuamua kama aliyataka majibu hayo.

Anza kwa kutenganisha vipimo. Wingi wa damu, kaswende, VVU na sukari ni vipimo vinavyofungua mlango wa tiba: mama akikutwa na kaswende huchomwa sindano ya penisilini, na mtoto akanusurika. Ridhaa inahitajika hapo pia, ila maelezo yake ni mafupi na faida yake inaonekana. Kipimo kinachouliza kama mtoto ana hali ya Down, yaani kromosomu moja ya ziada inayomfanya ajifunze polepole, au selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni cha aina nyingine, kwa kuwa jibu lake mara nyingi haliponyi kitu. Linampa mama habari, na habari hiyo huenda akaihitaji au ikamwelemea. Mwambie waziwazi kwamba sasa mmeingia kundi la pili, na kwamba huku kupima na kutopima yote mawili yanakubalika. Uingereza wamelifanya jambo hili kuwa utaratibu: mjamzito anaweza kuchagua kupimwa hali ya Down pamoja na za Edwards na Patau, ambazo ni adimu na nzito zaidi, au Down peke yake, au Edwards na Patau tu, au asipimwe kabisa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya mama aitwaye Montgomery, ambaye hakuelezwa hatari ya kujifungua kwake, iliamua kwamba daktari anapaswa kumweleza mgonjwa kila hatari ambayo mtu mwenye busara aliye katika nafasi ya mgonjwa huyo angeiona kuwa ya maana. Kigezo cha maelezo ya kutosha si tena kile ambacho madaktari wamezoea kusema.

Kinachofuata ndicho huharibika zaidi. Mama anapaswa kuelewa kwamba uchunguzi wa awali hautoi ndiyo wala hapana, unakadiria uwezekano tu. Chukua kipimo cha damu ya mama kinachosoma vipande vya DNA ya ujauzito, yaani vinasaba vyake, ambavyo mtafiti Dennis Lo na wenzake walionesha mwaka 1997 kwamba huelea katika damu yake. Tuchukulie kwamba kinagundua mimba 99 kati ya kila 100 zenye hali ya Down, na kwamba kinakosea mara 1 katika kila mimba 1,000 zisizo nayo. Katika kundi la kina mama vijana ambao hali hiyo hutokea kwa mimba 1 kati ya 1,000, tukipima wanawake 10,000 tutapata 10 wenye mtoto wa hali hiyo, na wengine 10 hivi walioonyeshwa kimakosa. Kwa hiyo, kati ya 20 walioambiwa kwamba kipimo kimeona kitu, nusu wana mtoto asiye na hali hiyo. Kwa wanawake wa miaka 40, ambao uwezekano wao ni kama 1 kati ya 100, hesabu hiyohiyo inatoa 99 wa kweli na 10 wa makosa. Karatasi ya majibu ni ileile, lakini maana yake inabadilika kwa kadiri ya aliyeishika. Mimi huchora duara 20 kwenye karatasi na kutia wino 10 kati yake, kisha nampa mama kalamu anioneshe yeye anaweza kuwa wapi. Akisita mkono juu ya duara tupu, najua ameelewa.

Taja namba kwa pande zote mbili. Anayeambiwa "1 kati ya 150" asikie pia kwamba wengine 149 hawana, na usitumie neno hatari pale ambapo uwezekano linatosha.

Kabla damu haijachukuliwa, tembea naye hadi mwisho wa njia. Kipimo cha kuthibitisha ni kuchota maji ya uzazi kwa sindano inayopitishwa tumboni, kuanzia wiki ya 15, na mimba chini ya 1 kati ya 200 hutoka kwa sababu yake. Je, kinapatikana hapo mlipo, au itabidi asafiri na kulipa mwenyewe? Na kikithibitisha, sheria inasemaje? Tanzania huruhusu mimba kutolewa ili kuokoa maisha ya mama, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 26(4), inataja tiba ya dharura na maisha au afya ya mama. Zote mbili hazitaji hali ya mtoto kuwa sababu. Mama ana haki ya kuyajua haya mapema, maana kumfikisha mtu mahali ambapo hakuna njia mbele, na hakuwahi kuambiwa hivyo, ni kumwonea.

Kuna majibu yanayosaidia hata pale ambapo mimba itaendelea kwa vyovyote. Mgongo wazi ukionekana kwa ultrasaundi, mama anaweza kupanga kujifungulia karibu na hospitali yenye madaktari wa upasuaji, badala ya mtoto kusafirishwa siku ya pili akiwa na kidonda wazi. Takriban nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na tatizo la moyo, na kulijua mapema ni faida. Eleza hali yenyewe kwa maisha halisi: anajifunza polepole zaidi, anaimba, anakwenda shule, anahitaji kuangaliwa moyo na masikio. Neno kasoro likitoka kinywani mwako, umeshamwamulia.

Selimundu inadai uangalifu wa pekee, kwa kuwa damu ya baba nayo inaulizwa. Wazazi wote wawili wakibeba chembe ya urithi ya selimundu, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kuwa na ugonjwa huo. Mwambie pia kwamba mtoto anaweza kupimwa mara tu anapozaliwa, bila hatari yoyote kwa mimba, na tiba ikaanza mapema. Kisha umwonye kwa upole kwamba vipimo vya namna hii huweza kufichua kwamba mume siye baba wa mtoto. Maneno hayo yasemwe mkiwa wawili. Mume au mama mkwe akiwa amemsindikiza, mpokee kwa heshima, lakini mwone mama peke yake kwanza, umuulize nani aambiwe majibu na nani asiambiwe. Anayekubali kwa shingo upande mbele ya wakwe hajatoa ridhaa.

Mwombe akurudishie kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa, umpe hata siku chache za kufikiri, na uwe tayari kwa swali linalokuja karibu kila mara: "Ungekuwa wewe, nesi, ungefanyaje?" Kulikwepa ni baridi mno, na kulijibu moja kwa moja ni kumwazima maisha yasiyo yake. Mimi humuuliza ni lipi linalomtisha zaidi, kujua au kutojua, nami nakaa kimya mpaka aseme.

Akichagua kutopimwa, usiandike kwenye kadi "amekataa," kana kwamba amevunja amri. Andika "ameelezwa, amechagua kutopimwa," weka tarehe, na umjulishe hadi wiki gani anaweza kubadili mawazo, ili mkunga wa zamu nyingine atakayeifungua kadi hiyo asimkaripie.