Kaliba gani ya bunduki kwa wanyama waharibifu wa mbali: mwongozo kwa sisi tulioko ughaibuni

Ukikaa Marekani muda kidogo ukapata rafiki mwenye ranchi au shamba, siku moja atakualika mkapunguze wanyama waharibifu. Sio uwindaji wa nyama huu, ni koyoti, jamii ya mbwa mwitu, wanaomaliza wanakondoo, ni groundhogi, kindi wakubwa wa ardhini, wanaotoboa shamba, ni preridogi, nao wa jamii ya kindi, wanaochimba mashimo kwenye malisho mpaka wafugaji wanahofia ng'ombe wavunjike miguu. Na wanapigwa kwa mbali, yadi 200, 300, wengine mpaka 400 na ushee. Hapo ndo unaanza kuuliza ninunue kaliba gani, yaani aina ya risasi, ambayo namba yake kama .223 ni upana wake kwa sehemu ya inchi, na kila utakayemuuliza atakwambia ile ya kwake ndo mwisho wa mambo.

Kabla ya kaliba kuna karatasi, na hapa tusitaniane. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani mwenye green card anaruhusiwa kumiliki bunduki, lakini wewe uliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kwa kawaida hairuhusiwi kushika bunduki wala risasi mpaka uwe na kitu kinachokutoa kwenye hilo katazo, na kinachotumika sana ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Ikiisha muda wake na ulinzi wako umeisha. Asiye na makaratasi kabisa asiguse hata ya kuazima, hata kwenye uwanja wa shabaha, maana kesi ya silaha inaweza kukurudisha nyumbani moja kwa moja. Alafu bangi: hata kama jimbo lako limeihalalisha, shirikisho halijaihalalisha kwa mwenye bunduki, na kwenye ile fomu 4473 unayojaza dukani swali hilo lipo, ukidanganya ni kosa lingine juu ya lile la kwanza. Kama hali yako ya uhamiaji ina utata muone mwanasheria wa uhamiaji, sio mshikaji wa dukani. Na kila jimbo lina yake, mfano koyoti sehemu nyingi anawindwa mwaka mzima ila preridogi wa Utah analindwa na sheria, kwa hiyo soma kitabu cha kanuni cha jimbo lako kabla hujafungasha.

Haya, tuje kwenye bunduki. Watu wanauza kaliba kwa spidi, eti hii inatoka futi 4,000 kwa sekunde, hii 3,600, na ni kweli spidi ni tamu manake risasi inashuka kidogo. Lakini kushuka kwa risasi ni kitu kinachojulikana, ukishapima umbali kwa mashine ya leza unazungusha darubini mibofyo kadhaa, kwisha. Kinachokukosesha mnyama yadi 350 ni upepo, kwa sababu upepo haupimiki kwa leza, na hapo ulipo unaweza kuvuma hivi na kule kwa mnyama ukavuma kivingine. Mimi nachagua kaliba kwa kuangalia upepo kwanza, spidi baadaye.

Chukua upepo wa maili 10 kwa saa unaokuja ubavuni. Ile .17 HMR ndogo yenye kichwa (kile kipande kinachoruka) cha greni 17, greni ikiwa kipimo kidogo cha uzito, kwenye yadi 200 inasukumwa karibu inchi 15. Preridogi upana wake ni inchi tatu nne tu, sasa ukikosea kusoma upepo kwa theluthi moja umeshapiga mchanga. .223 Remington ya greni 55, ile ya kawaida kabisa, yadi 300 inasogea kama inchi 10 na yadi 400 kama inchi 20. .22-250 Remington ikiwa na kichwa hichohicho cha greni 55 ila kinatoka futi 3,680 badala ya 3,240, yadi 400 inasogea kama inchi 17. Yaani baruti yote ile, kelele yote ile na joto lote lile limekuokolea inchi tatu. Sasa chukua .223 ileile, weka kichwa kirefu chembamba cha greni 75, kinatoka taratibu tu kama futi 2,800, na kwenye yadi 400 kinasogea inchi 11 hivi. Kobe kampita sungura. Kinachofanya kazi hapo ni umbo la kichwa linavyopasua hewa, wenyewe wanakipima kwa namba inayoitwa BC, imeandikwa kwenye boksi au kwenye tovuti ya kiwanda, na ikiwa kubwa ni bora zaidi.

Ila kichwa kirefu hakitulii kwenye kila mtutu, na hapa ndo wengi wanaumia wakinunua bunduki ya mtumba. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozungusha risasi, na kasi ya huo mzunguko inaandikwa 1:14, 1:12, 1:9, 1:8, yaani mzunguko mmoja kila inchi 14 na kuendelea. .22-250 nyingi za zamani zina 1:14, hizo mwisho wake ni greni 55 hivi, ukiweka 75 zinafika kwenye karatasi zimelala ubavu, unaona tundu refu kama la funguo. Mara nyingi namba imechorwa kwenye mtutu karibu na chemba, pale risasi inapokaa kabla hujafyatua. Kama haipo, hakikisha bunduki haina kitu ndani, ingiza fimbo ya kusafishia yenye kitambaa kilichobana, weka alama ya kalamu kwenye fimbo ikiwa imeangalia juu, isukume polepole uiache izunguke yenyewe mpaka alama irudi juu tena, kisha pima kwa rula fimbo imeingia inchi ngapi. Ikiwa nane, chukua. Ikiwa tisa sio mbaya, ila vichwa virefu zaidi vya greni 75 vinaweza visitulie. Ikiwa kumi na nne ujue unanunua bunduki ya vichwa vyepesi, sio mbaya, ila ujue.

Kwa hiyo kwa mtu anayeanza, asiyejaza risasi mwenyewe, yaani asiyezitengeneza nyumbani kwa kutia baruti na kichwa kwenye ganda, jibu langu ni .223 yenye mtutu wa 1:8, ya bolti, ile unayovuta na kusukuma kwa mkono kila risasi, sio lazima iwe ya kifahari. Imekuwepo madukani toka miaka ya 60, risasi zake hazikauki kirahisi, na haipigi teke. Hilo la teke watu wanalidharau, lakini kwenye mchezo huu ukifyatua unataka darubini ibaki kwenye mnyama uone vumbi limeruka kushoto au kulia ili urekebishe ya pili, bunduki ikiruka umekosa taarifa yote hiyo. Angalizo moja: usichanganye risasi. Kama mwenyeji wako ana .300 Blackout nayo, zile zinaweza kuingia kwenye chemba ya .223 na ukifyatua bunduki inapasuka usoni, kwa hiyo meza moja aina moja ya risasi. Na 5.56 ya kijeshi usiiweke kwenye bunduki iliyoandikwa .223 tu.

.204 Ruger, iliyotoka mwaka 2004, ni tamu sana mpaka yadi 300, haina teke kabisa na inaenda kama mstari, ila vichwa vyake vyepesi na chaguzi za risasi dukani ni chache. .22-250 nampa mwenye koyoti, manake koyoti hakai akusubiri upime, na ule unyoofu wa risasi unakuvumilia ukikosea umbali. .220 Swift ya 1935 waachie wanaojaza risasi wenyewe. .22 Creedmoor inachanganya spidi na vichwa virefu, ni nzuri kweli, ila mtutu wake haudumu sana.

.243 Winchester inahitaji maneno yake. Ni ya 1955, imezaliwa kwenye ganda la risasi pana zaidi ya .308, ikiwa na kichwa cha greni 87 inasogea inchi 12 hivi kwenye yadi 400, na ukiweka greni 100 unaenda nayo kwa kulungu. Teke lipo kidogo, baruti nyingi, ila kama leseni au mfuko unaruhusu bunduki moja tu ndo hiyo. Mlioko Uingereza inawahusu zaidi, kule kila bunduki inaingizwa kwenye cheti na kaliba yake, ukitaka kubadilisha unaanza kuomba tena na kueleza sababu. England na Wales kulungu wakubwa wanataka kaliba isiyopungua .240, kwa hiyo .223 itakufaa kwa mbweha na kulungu wadogo kama muntjac, wakati .243 inamaliza wote.

Kitu kingine ni joto. Kwenye kundi la preridogi unaweza kufyatua risasi nyingi asubuhi moja, na mtutu ukishindwa kushikika kwa mkono unajichoma wenyewe ndani. .223 mara nyingi inavuka risasi 3,000 bado iko sawa, .22-250 ikichemshwa inaanza kutawanya kwenye 1,500 au 2,000. Piga chache, acha bolti wazi ipoe, na usiache risasi imekaa kwenye chemba ya moto wakati unapiga stori.

California tangu Julai 2019 huruhusiwi kuwinda kwa risasi zenye madini ya risasi, ni shaba na kadhalika. Shaba ni nyepesi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu zaidi, tumerudi palepale kwenye 1:8. Sehemu nyingine chukua vichwa vinavyosambaratika vikigusa, vyenye ncha ya plastiki, vinaua haraka na kwa kawaida haviruki ovyo vikigonga jiwe. Hata hivyo usifyatue kama nyuma ya mnyama huoni udongo, mnyama aliyesimama mgongoni mwa kilima muache ashuke.

Ukishapata bunduki nunua boksi moja moja za aina tatu, usibebe katoni. Piga tano tano kwenye karatasi yadi 100, ile inayokusanya vizuri ipeleke yadi 300 siku ya upepo, sio siku ya utulivu, andika kwenye daftari upepo ulikuwaje na tundu limeenda wapi. Programu ya simu itakupa namba za makadirio, ila za daftari ndo za bunduki yako, na ndo utakazobandika kwenye kitako siku ya kwenda.