Namna ya kupunguza riba ya kadi ya mkopo

Ukiwa na deni linalotozwa riba, benki nyingi huikokotoa kila siku kwa salio la deni lililopo, kwa hiyo usingoje tarehe ya mwisho; lipa mara pesa inapoingia. Kwa riba ya 24% kwa mwaka, kulipa 40,000 siku 15 mapema huokoa karibu 395.

Usipolipa deni lote kufikia tarehe ya mwisho, kwa kawaida unapoteza muda usio na riba: hata ununuzi mpya huanza kutozwa siku hiyohiyo. Weka kadi kando kwanza. Kutoa pesa taslimu ndiko kubaya zaidi, maana kuna ada juu ya riba.

Una kadi kadhaa? Maliza yenye riba kubwa, nyingine zilipie kima cha chini. Kuhamisha deni kwenda kadi yenye riba ndogo kunafaa tu ikiwa ada yake ni ndogo kuliko riba utakayookoa.