Namna ya Kutafsiri "The Big Trail" Kibandani

Natafsiri muvi kwenye kibanda umiza huku Tandika, kiingilio mia tano. Vijana wanaoanza kazi hii wanaogopa "The Big Trail", mkanda wa Kimarekani wa mwaka 1930 kuhusu msafara wa walowezi wanaohamia magharibi kwa magari ya kuvutwa na ng'ombe, tena wa nyeusi na nyeupe, kwamba utafukuza wateja. Haufukuzi, ukijua pa kusema na pa kufunga mdomo.

Kwanza tafuta picha pana. Raoul Walsh aliupiga mkanda huu kwa filamu za aina mbili, ya milimita 35 na ya milimita 70. Ile pana, ya milimita 70, ina dakika 122. Ukiiweka, juu na chini ya kioo patabaki weusi, na hakosi mtu wa kulalamika kwamba picha imekatwa. Usiguse rimoti. Ukiivuta ijae kioo ndiyo unaikata kweli: magari ya pembeni yanapotea, na msafara mzima unabaki kama bajaji nne kwenye foleni.

Kabla hujabonyeza, mtambulishe steringi. Ni John Wayne, miaka 23, ndiyo mara yake ya kwanza kubeba mkanda mzima. Adui ni lile jitu la madevu, Red Flack. Sema mapema kwamba steringi anamsaka kwa kumuulia rafiki yake, maana safari ni ndefu na kisasi husahaulika njiani.

Yale magari usiyaite mikokoteni. Mtu wa Dar ukimwambia mkokoteni anaona viroba vya viazi Kariakoo. Sema magari ya ng'ombe. Na "Wahindi wekundu" usithubutu, wateja watadhani unawazungumzia watu wa Upanga. Mimi nasema wenyeji, kwa sababu ndio waliokuwa wenyeji.

Umbali wape kwa barabara wanayoijua. Njia yenyewe ya kwenda Oregon, magharibi mwa Marekani, ile ya kweli, ilikuwa kama kilomita 3,200, miezi minne mpaka sita. Ni Dar na Mbeya, kwenda na kurudi, mara mbili, wengi wakitembea kwa miguu kando ya ng'ombe. Hapo hata makonda wa mabasi ya mikoani wananyamaza.

Gus, yule mchekeshaji anayesumbuliwa na mama mkwe, mchezee utakavyo. Theluji? Sema Makete mara kumi, songa mbele.

Sasa jabali. Wanapofika ukingoni wanashusha magari kwa kamba, na ng'ombe pia, na watu. Zamani nilikuwa napiga domo hapo mpaka mate yanakauka. Siku moja mzee aliyestaafu bandarini, amekaa benchi la mbele na kashata mkononi, akageuka: "Mwanangu, hebu nyamaza. Tuone kamba."

Nikazima maiki. Mzee alikuwa haangalii steringi wala bibie, anaangalia fundo. Kamba ilipokaza, na yeye akakaza viganja, kashata ikamegeka. "Taratibu," akanong'ona. "Taratibu... achia kidogo... shikaaa!" Vijana wa benchi la nyuma, waliokuwa wanachezea simu, wakaanza kuitikia. Gari lilipogusa chini kibanda kizima kilipiga makofi, na mimi sijasema neno.

Kwa hiyo jabali likianza, weka maiki mezani, mbali na mkono. Mzee yule siku hizi simtozi mia tano.