Kukata rufaa ya asilimia za ulemavu za VA ukiwa Mwanza

Mwongozo huu ni wa Watanzania waliotumikia jeshi la Marekani, wakarudi kuishi Mwanza, Musoma au Bukoba, na Idara ya Maveterani (VA) ikawapa asilimia zisizolingana na hali yao.

Angalia kwanza tarehe iliyoandikwa juu ya barua ya uamuzi. Mwaka mmoja wa kukata rufaa unahesabiwa kuanzia hapo, si siku uliyoichukua posta. Ukishinda rufaa iliyopelekwa ndani ya mwaka huo, kwa kawaida malipo ya nyuma huhesabiwa tangu dai la awali. Ukichelewa, bado unaweza kupeleka dai la nyongeza, ila fedha zitahesabiwa tangu siku uliyolipeleka.

Halafu piga hesabu, maana VA haijumlishi asilimia kama sokoni. 50 na 30 hazifanyi 80: inachukua 50, inaongeza asilimia 30 ya nusu iliyobaki, yaani 15, inapata 65, inakadiria kuwa 70. Usipoteze rufaa kwa hilo. Tafuta ugonjwa au jeraha lililopewa daraja la chini.

Una ushahidi mpya unaohusu suala lenyewe? Jaza fomu 20-0995, ndiyo ya dai la nyongeza. Ushahidi upo tayari kwenye faili lakini umesomwa vibaya? Jaza 20-0996, afisa wa ngazi ya juu aupitie upya. Hapa wengi huumia: wanaambatanisha ripoti mpya, na afisa huyo haruhusiwi kuitazama. Njia ya tatu ni fomu 10182, kwenda kwa jaji wa Bodi ya Rufaa za Maveterani. Ni ndefu zaidi, na shauri linaweza kusikilizwa kwa video.

Kwa aliye huku, mara nyingi tunashauri 20-0995, kwa sababu ushahidi unapatikana hapahapa. Chukua mfano wa goti. Likikunjika hadi nyuzi 45 tu ni asilimia 10, nyuzi 30 ni 20, nyuzi 15 ni 30. Ripoti inayosema "ana maumivu ya goti, apewe dawa" haisaidii kitu. Ukienda hospitali ya Bugando, mwombe daktari wa mifupa apime kwa kipimapembe, aandike goti linaishia nyuzi ngapi, maumivu yanaanzia wapi, na siku linapozidi kuuma linabaki na nyuzi ngapi. VA ina madodoso ya kitabibu ya bure kwa aina nyingi za ulemavu. Chapisha la goti steshenari, uende nalo.

Mke au jirani naye aandike kwenye fomu 21-10210 anachokiona kwa macho: kwamba unapumzika mara tatu kupanda ngazi za mawe za Bugarika, au huwezi tena kuingia mtumbwini bila kushikwa. Akiandika kwa Kiswahili, ambatanisha tafsiri ya Kiingereza.

Pakia kila kitu kupitia tovuti ya VA na uhifadhi uthibitisho wa kupokelewa. Posta ya kawaida inakula muda wako. Hakikisha anwani na simu yako ya sasa wanazo. Ukiitwa kupimwa na usitokee bila sababu ya msingi, dai la nyongeza linaweza kuamuliwa kwa karatasi zilizopo, au kukataliwa kabisa.

Vyama vya maveterani vilivyoidhinishwa hukuwakilisha bure kwa fomu 21-22. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kukutoza baada ya uamuzi wa kwanza, mara nyingi asilimia 20 ya malipo ya nyuma. Asiye na idhini ya VA usimpe hata shilingi, wala nywila ya akaunti yako.