Hamilton Ipi? Kwa Mnaotumiwa Nyaraka Kutoka Nyumbani

Cheti changu cha kuzaliwa, kile chenyewe cha RITA, kimeiona Canada kabla yangu. Mimi nakaa Hamilton ya Scotland, karibu na Glasgow. Shangazi alipeleka bahasha kwa wakala wa vifurushi. Dada wa kaunta akatafuta "Scotland" kwenye orodha ya nchi, hakuiona, akaandika Hamilton tu. Ikatokea ile ya Ontario, mji mkubwa wa viwanda vya chuma. Akabonyeza. Shangazi akanitumia picha ya risiti, nami nikajibu "asante sana shangazi" bila hata kuikuza.

Sikilizeni: kwenye orodha nyingi za nchi, Scotland haimo. Tafuteni United Kingdom. Narudia, United Kingdom. Na msitegemee postikodi: ya kwetu inaanza na ML3, za kule L8 na L9, zote herufi na namba, nani atashtuka?

Tena Hamilton haziishii hapo. Ya New Zealand ilipewa jina la kapteni aliyeuawa vitani 1864. Mji mkuu wa Bermuda nao ni Hamilton, jina la gavana. Hata hii yetu iliitwa Cadzow mpaka 1445, wenye ukoo wa Hamilton walipoibandika jina lao. Hawa Waskoti ndivyo walivyo: Blantyre alikozaliwa Livingstone 1813 ni jirani zetu hapa, na Blantyre nyingine iko Malawi. Halafu wewe andika "England" kwenye bahasha uone jirani yako anavyonuna!

Mengine mnayajua: nakala iliyothibitishwa na wakili ibaki nyumbani, simu ya mpokeaji, namba ya kufuatilia mzigo.

Shangazi zangu, wajomba zangu, msimwonee haya karani. Kabla ya kutoa hela, akusomee nchi kwa sauti. Risiti ikiandikwa CA, yaani Canada, usibanduke kaunta. Sisi ni GB, yaani hiyohiyo United Kingdom. Nanyi mlioko huku, ikuzeni picha ya risiti siku hiyohiyo, mzigo ungali Dar.

Bahasha ilinifikia baada ya wiki tano, imejaa stika, miadi yangu ya pasipoti imeshapita. Nikampigia shangazi, nikamweleza yote. Alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, akauliza:

"Sasa huyo Hamilton ni mwenye nyumba wako, au ndiye yule wa mbio za magari?"